Maji Hayazoleki, Alama Haifutiki

Kiswahili hakina neno moja la jambo lisiloweza kurudishwa nyuma. Kina mengi, na kila moja limeshikamana na kitu chake. Maji yakimwagika hayazoleki. Wino ukikauka haufutiki. Chungu kikipasuka hakiungiki. Kuna damu isiyolipika, makosa yasiyosameheka, misiba isiyosahaulika. Umbo la maneno haya ni lile lile: kikanushi mbele, -k- ya uwezekano nyuma, na katikati kitenzi cha tiba iliyojaribiwa ikagonga mwamba. Anayesema maji hayazoleki amekwisha kufikiria kuyazoa. Anayesema jambo halisahauliki amekiri kwamba kusahau nako kulihesabiwa kuwa dawa. Kwa hiyo kisichorudi hupewa jina la ukarabati ulioshindikana, na mtu akitaka kujua jamii imepitia nini, atazame vitenzi inavyovikanusha mara kwa mara.

Arua, katika mkoa wa West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni mahali pazuri pa kuyachunguza maneno haya, kwa kuwa huko Kiswahili ni mgeni aliyezoeleka. Mtoto anayekulia Ediofe, kando ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la jimbo Katoliki lililoundwa mwaka 1958, husikia Kilugbara nyumbani, Kiingereza darasani, na Kiswahili sokoni, stendi na kwa majirani Wanubi. Kilugbara ni lugha ya kundi la Sudani ya Kati. Kikakwa cha Koboko, kaskazini, ni cha Waniloti, ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini. Kinubi ni krioli iliyotokana na Kiarabu cha askari wa Emin Pasha. Hakuna hata moja iliyo ya Kibantu. Kiswahili kilifika na vijana wa West Nile walioandikishwa King's African Rifles, kikadumu kwa sababu ya biashara na Kongo, ambako katika miji ya Aru na Ariwara hugombea nafasi na Kilingala. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yaliyomfukuza Idi Amin yakaja na cha kwao. Serikali nazo zilikipandisha cheo kwa awamu: lugha ya taifa mwaka 1973, lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Wauza samaki wa Arua hawakusubiri tangazo lolote.

Aliyezaliwa ndani ya lugha hupita juu ya viambishi vyake bila kuviona. Aliyeipata njiani huvitia mkononi kimoja kimoja, na kile anachokipenda mapema ni cha kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Panga, pangua. Vaa, vua. Nguo huanikwa asubuhi, huanuliwa mawingu yakitanda. Kitanda hutandikwa, hutanduliwa. Kanuni ni nyepesi: -u- huingia mwishoni mwa mzizi, nayo hugeuka -o- pale tu mzizi wenyewe una o, kama katika shona na shonoa, chomeka na chomoa. E. O. Ashton aliieleza katika sarufi yake ya mwaka 1944, na miaka 10 baadaye akashiriki kuandika sarufi ya Kiganda, lugha nyingine yenye mnyambuliko wa aina hiyo: bikka ni kufunika, bikkula ni kufunua. Wanasarufi wa Kiswahili waliupa jina lililoundwa kwa kiambishi chenyewe, kauli ya kutendua, na neno hilo ndilo lililohamia baadaye kwenye simu na kompyuta, ambako kitufe cha kufuta hatua ya mwisho huandikwa "Tendua".

Wepesi huo humdanganya mwanafunzi. Hudhani kila kitendo kina njia ya kurudia, kisha huanza kubuni. Katika darasa moja la Arua mtoto aliulizwa kinyume cha pika, akajibu bila kusita: pikua. Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka, aliuliza ugali uliokwisha kupikwa utarudije unga. Swali hilo lina uzito zaidi ya kichekesho chenyewe, kwa sababu ugali wa West Nile, wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, husongwa, na songa kinacho kitenzi kinachofanana na kinyume chake. Ni songoa. Lakini songoa si kuurudisha ugali kuwa unga na maji. Ni kukamua nguo iliyoloa kwa kuipotoa, au kunyonga shingo ya kuku. Kiambishi kimo, njia ya kurudi haimo.

Kamusi ina mifano mingine ya namna hiyo, na yote inafundisha. Kata haikupata kinyume. Katua ni kung'arisha chuma. Chana haikupata kinyume. Chanua ni kutoa maua. Choma ya mkuki au sindano ina chomoa, maana kilichoingia kinaweza kutolewa, ila choma ya moto haina kitu. Herufi ni zile zile, sauti ile ile, na moja tu kati ya hizo mbili ina mlango wa kutokea. Umba nayo ina umbua, lakini umbua si kukifanya kiumbe kisiwepo. Ni kumharibu sura au kumvunjia heshima mbele za watu. Lugha inakubali kwamba kilichoumbwa kinaweza kuchafuliwa. Kurudishwa kwenye kutokuwepo, hilo halikupewa kitenzi.

Mahali ambapo tofauti hii huonekana kwa macho ni kwenye baraza za mafundi cherehani. Vitenge vingi vinavyouzwa Arua huingia kutoka Kongo, vikiwa vimekunjwa vipande vya yadi 6, na mteja huja na kipande chake, na mara nyingi na picha ya mshono anaoutaka. Fundi mzuri hana haraka. Hupima kwa futi kamba, huandika kwenye daftari lenye ukurasa uliojaa majina na namba, hutandaza kitambaa juu ya meza na kukitazama maua yake yanaelekea wapi, maana kitenge chenye ndege hakitakiwi kumwacha mteja na ndege waliopindua miguu juu. Kisha hupiga mistari kwa chaki. Chaki hupanguswa kwa kiganja. Akikosea huipangusa, akapiga mstari mwingine. Mpaka hapo hakuna alichokifanya kisichoweza kufutwa.

Mmoja wa mafundi hao, mzee aliyejifunza kazi akiwa mkimbizi upande wa Kongo, alikuwa na desturi ya kumwita mteja arudi kwenye futi kamba kabla ya mkasi. "Mama, simama nipime tena," alisema. "Nikishakata, mimi sina dawa." Mteja alilalamika kwamba amepimwa tayari, fundi akamjibu kwamba alipimwa kabla hajala, na harusini atakula. Akapima. Baada ya kukata, vipande havikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Alivipiga bandi kwanza, yaani mshono mrefu wa mkono, uzi mweupe juu ya kitenge cha buluu ili uonekane, akamvalisha mteja, akaivuta nguo huku na kule. Bandi hufumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja. Mshono wa mashine nao hufumuliwa, lakini kwa wembe na subira, na hubaki na matundu. Pindo aliliacha pana, kwa sababu nguo inaweza kuachiwa mteja akinenepa, ikiwa tu kuna kitambaa cha kuachia.

Hivyo kazi nzima ya ushonaji imepangwa kwa daraja za kurudika. Chaki hupanguswa, bandi hufumuka kwa urahisi, mshono hufumuka kwa taabu, mkasi haurudi. Fundi hajui kwamba kata haina kauli ya kutendua, na hana haja ya kujua. Mikono yake inapunguza mwendo pale pale sarufi inapokwama. Mafundi wasiojua kazi hutambulikana kwa jambo moja: hutumia uangalifu uleule kila mahali, au haraka ileile.

Matofali ni somo la pili, fupi zaidi. Kiangazi kikiingia, kuanzia Desemba, viunga vya Arua hujaa matofali yaliyoanikwa. Udongo hukandwa, hujazwa kwenye kalibu ya mbao, kisha hufyatuliwa. Tofali bichi lililokauka juani ni gumu kiasi cha kumvunja mtu kidole cha mguu, lakini mvua ya ghafla ikilipata hulegea na kurudi udongo, ndiyo maana hufunikwa kwa nyasi. Likiingia tanuri jambo hubadilika. Joto likipita nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na chembe za mfinyanzi hutoka, na hayarudi hata tofali likilowekwa mwaka mzima. Udongo umekuwa kitu kingine. Faida hiyo ya kutorudika inalipiwa na kingine kisichorudi, kuni. Miti iliyoingia matanurini imeacha vilima vitupu, na kuipanda upya si kuirudisha. Ni kuanza mingine.

Kitenzi cha kazi hiyo kinastahili kutazamwa. Fyatua ni kinyume cha fyata, kubana kitu katikati ya vitu viwili, kama mbwa anavyofyata mkia. Tofali linapotoka kwenye kalibu limefyatuliwa, limeachiwa. Mtego nao hufyatuka. Na risasi hufyatuliwa. Kiswahili hakisemi kwamba bunduki hutenda; husema kwamba kilichokuwa kimebanwa kimeachiwa. Kwa hiyo kitendo kisichorudika kuliko vyote kimevaa umbo la kitenzi cha kutendua. Hakiko peke yake. Pasua, rarua, tumbua, lipua, ng'oa, bomoa, ezua: vitenzi vikali vya kubomoa vimejaa miisho ya -ua na -oa. Kufungua fundo na kuezua paa la nyumba ya mtu, kwa sarufi, ni ndugu. Nyumba ya nyasi iliyoezuliwa na upepo huezekwa tena. Iliyochomwa na watu hurudi kwenye choma ile isiyo na mwenzake.

Mambo haya si nadharia tupu West Nile. Amin, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa Koboko, alipoangushwa Aprili 1979, watu wa mkoa mzima walihesabiwa kuwa watu wake, hata wale ambao utawala wake uliwatesa. Wanajeshi wa Tanzania walipofika mpakani mwa Sudan mwanzoni mwa Juni mwaka huo, wenyeji wengi waliwakumbuka baadaye kwa nidhamu yao. Walioachiwa mkoa baada yao, askari wa UNLA, jeshi jipya la serikali ya Uganda, hawakukumbukwa hivyo. Oktoba 1980 mabaki ya jeshi la Amin yaliingia kutoka Zaire na kushambulia Koboko na Arua. Kisasi kiliwaangukia raia. Sehemu kubwa ya wakazi ilivuka mipaka, wengine Zaire, wengine Sudan. Waliobaki walikimbilia misheni. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, ambako raia walikuwa wamejihifadhi chini ya mapadre na Msalaba Mwekundu, askari waliingia wakafyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa, wanawake na watoto miongoni mwao.

Ua, kitenzi cha kuondoa uhai, ni silabi mbili tu za irabu, ua, umbo lile lile la kiambishi cha kutendua likisimama peke yake. Ufanano huo ni bahati ya sauti, na mwanaisimu asijenge juu yake. Lakini kwamba hakuna kitenzi cha kuua kurudi nyuma, hilo si bahati. Fufua kipo, na kimeachwa kwa Mungu.

Walioishi miaka hiyo hawana kitenzi kimoja cha kuikanushia. Namna ya kuzungumza hubadilika kulingana na nani anasikiliza. Kwa wajukuu wao husema hayasimuliki, kisha huyasimulia, kwa vipande, mchana, wakichambua maharage. Kanisani, ibada za kuwakumbuka wafu zikisomwa, neno huwa halisahauliki. Wanaodai haki husema hailipiki, na hapo hapo hudai walipwe. Msikilizaji mwepesi ataona mgongano katika kauli hiyo ya mwisho. Haupo. Kusema damu hailipiki ni kukadiria deni. Kudai malipo ni kukataa mdaiwa asiende zake kwa sababu deni ni kubwa.

Neno lililotumika vibaya zaidi katika kipindi cha kurejea, tangu katikati ya miaka ya 1980, lilikuwa rudisha. Wakimbizi walirudishwa, huduma zilirudishwa, amani ilirudishwa. Ndivyo ripoti na hotuba zilivyosema. Wenyewe walitumia rudi kwa maana nyembamba zaidi. Mtu alirudi, mahali hapakurudi. Familia zilizorejea Koboko na vijiji vya Arua zilikuta vichaka juu ya nyumba, na mipaka ya mashamba aliyeijua ni marehemu. Watoto walirudi mahali ambapo hawakuwahi kufika, wakiwa na Kiswahili au Kilingala cha Zaire na Kiarabu cha Juba, na hapo ndipo mitaa ya Arua ilipozidi kuwa na lugha nyingi. Kitenzi sahihi kilikuwa anza, lakini hakuna ofisi iliyotaka kuandika kwamba watu wanaanza.

Pale kutendua kunaposhindikana, lugha huenda kwa vitenzi vya ngazi ya pili: lipa, fidia, tubu, samehe, patana. Hakuna hata kimoja kati yake kinachofuta kilichotendeka, na wanaovitumia wanajua. Pwani lipo neno dia, malipo ya damu katika sheria ya Kiislamu. Kaskazini mwa Uganda zipo taratibu za kienyeji ambazo ziliandikwa kwa majina katika makubaliano ya Juba ya tarehe 29 Juni 2007, kati ya serikali na waasi wa LRA: culo kwor, mato oput, kayo cuk, ailuc, na tonu ci koka ya Wamadi, majirani wa Walugbara. Katika malipo ya damu ng'ombe anayetolewa si bei ya marehemu. Anatolewa ili damu ya pili isimwagike, na wazee hulieleza hilo kabla mtu hajaanza kulinganisha mtu na mnyama. West Nile yenyewe ilipata mapatano yake tarehe 24 Desemba 2002, serikali na kundi la UNRF II lililoongozwa na Ali Bamuze walipotia saini mkataba huko Yumbe, chini ya kivuli cha Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000. Aliyejitokeza alipewa cheti. Kwa mpiganaji cheti hicho kilitangua kosa mbele ya serikali. Kwa mjane wa aliyeuawa na mpiganaji huyo hakikutangua chochote, na lingekuwa jambo la heshima kama vyeti vya namna hiyo vingesema waziwazi vinafuta nini na haviwezi kufuta nini.

Laana huonyesha kwamba mpaka wa kisichorudi hauko mahali pamoja kwa watu wote. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu Lugbara Religion mwaka 1960, alieleza jinsi mzee aliyedharauliwa na wadogo wake alivyoweza kuwaita wahenga wamletee mkosaji ugonjwa. Mkosaji akipona, sadaka hutolewa, ukoo hukusanyika, maneno ya kinyongo husemwa hadharani, na mzee humbariki. Laana basi ina mwisho wake ndani ya utaratibu ule ule ulioileta. Jambo la kuangalia ni kwamba kifo hakifungi mlango: wafu wanasemeshwa kwenye madhabahu zao, na ugomvi na marehemu unaweza bado kusuluhishwa. Waswahili Waislamu huogopa zaidi kufiwa na mzazi kabla hajatoa radhi. Huomba dua, hutoa sadaka kwa niaba yake, lakini jibu la mdomo hawalipati tena. Katika familia za Arua zenye babu wa Kilugbara na bibi wa Kinubi, hesabu hizi mbili huketi kwenye mkeka mmoja, na mtu huchagua kulingana na msiba.

Dini za kitabu zimekuwa makini sana na maneno haya, pengine kuliko mahakama. Katekisimu ya Kikatoliki hufundisha kwamba Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu hutia rohoni alama isiyofutika, ndiyo sababu hutolewa mara moja tu. Padre anaweza kuvuliwa majukumu, na kitenzi ni vua, kinyume cha kuvaa. Anachovuliwa ni kazi, alama hubaki. Ndoa halali iliyokamilika haitanguki. Wengi hudhani basi mabaraza ya Kanisa yanayobatilisha ndoa yanafanya kwa siri kile yanachokikataza hadharani. Sivyo. Kutangua ni kufungua fundo lililofungwa. Kubatilisha ni kutamka, baada ya ushahidi, kwamba fundo halikufungwa tangu mwanzo, kwa kuwa mmoja alilazimishwa, kwa mfano, au alikuwa na ndoa nyingine. Uislamu umeligawa jambo kwa hesabu. Talaka ya kwanza na ya pili mume anaweza kurejea ndani ya eda bila ndoa mpya. Ya tatu hana rejea. Mpaka mwanamke aolewe kikweli na mume mwingine, na ndoa hiyo nayo ivunjike yenyewe. Dini zote mbili zimekataa kuacha neno moja, "imekwisha", lifanye kazi yote.

Mahakama za Uganda zilichelewa kufika kwenye usahihi huo katika adhabu isiyorudika kuliko zote. Hukumu yoyote hutenguliwa, kama vile Watanzania wanavyosoma magazetini karibu kila mwezi kwamba uteuzi wa fulani umetenguliwa. Hukumu ya kunyongwa ikitekelezwa, rufaa haina wa kumrudia. Hata hivyo sheria ilimlazimisha jaji kuitoa kwa baadhi ya makosa bila kupima mazingira. Susan Kigula na wenzake 416 waliohukumiwa kifo walipinga. Mahakama ya Katiba ilikubaliana nao mwaka 2005, na Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 21 Januari 2009: ulazima huo ni kinyume cha Katiba, na aliyekaa zaidi ya miaka 3 akisubiri kunyongwa baada ya rufaa kwisha, adhabu yake hugeuzwa kifungo cha maisha. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kigula, aliyesoma sheria akiwa gereza la Luzira, alipangiwa upya kifungo cha miaka 20 na kutoka mwaka 2016. Watu 28 walionyongwa Luzira mwaka 1999, chini ya sheria ile ile kabla haijapimwa, hawakuwa na la kupangiwa upya.

Maneno ya kila siku yanayofanana na hayo yako kwenye simu. Wakala wa pesa hana budi kusoma namba kwa sauti mara mbili, kwa kuwa kuirudisha pesa iliyotumwa kwa namba isiyo yake ni ombi tu hadi aliyeipokea aridhie, na huenda ameshaitoa. Ujumbe unafutwa kwa wote, lakini aliyekwisha kuusoma hafutiwi kichwani. Bungeni mzungumzaji aliyeteleza huambiwa afute kauli, naye hutamka "nafuta", na kila mtu aliyesikia hubaki amesikia. Taratibu hizi hazitendui. Zinamtaka msemaji asimame upande wa pili wa neno lake, na hilo lina faida yake.

Ardhi ndiyo inayobaki kuwa mahali ambapo kosa la kutorudi huwa ghali zaidi kwa wakazi wa Arua na Koboko. Nyingi ni ya mila, haina hati, na tangu Arua ifanywe jiji Julai 2020 viunga vyake vimekuwa viwanja. Muuzaji huhesabiwa pesa, hutia dole gumba kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na shamba la ukoo huwa nyumba ya mtu asiyefahamika. Dole gumba ni mkasi wa fundi yule, bila bandi na bila kupima mara ya pili. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliweka kizuizi kabla ya kitendo badala ya tiba baada yake: ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia riziki haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na marekebisho ya mwaka 2004 yakaikaza kanuni hiyo. Ridhaa isipokuwepo, mauzo ni batili. Sheria hapo hutumia mantiki ile ile ya baraza la ndoa: haidai kufungua kilichofungwa, inasema hakikufungwa. Mnunuzi aliyekwisha kufyatua matofali juu ya kiwanja hicho huwa na maoni tofauti, na kesi za namna hiyo huchukua muda.